Muuguzi wa ICU na Maamuzi Yasiyo na Mwenyewe

Kila ifikapo Mei 12 wauguzi wa Tanzania huvaa sare zilizopigwa pasi vizuri, huwasha mishumaa na kurudia kiapo cha taaluma yao. Mgeni rasmi husimama, na mara nyingi husema lile lile la mwaka jana: uuguzi ni wito. Makofi yanapigwa. Usiku huo huo zamu inaingia ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, ikiwa na wauguzi wawili mahali panapotaka watano, na wito ndio unaotarajiwa kuziba pengo la hao watatu.

Sina ugomvi na wito. Anayemgeuza mgonjwa asiye ndugu yake kila baada ya saa mbili ili asitoke vidonda, akamsafisha kinywa, akamnyonya makohozi kwenye mpira wa kupumulia na kumwita kwa jina ingawa hajibu, hakuletwa pale na mshahara. Ninachogombana nacho ni matumizi ya neno lenyewe. Tukishasema kwamba muuguzi wa wagonjwa mahututi anachoka kwa sababu anaona vifo vingi, basi dawa yake inakuwa kukaza moyo, kusali, na pengine semina ya nusu siku kuhusu afya ya akili yenye chai na sambusa. Lakini kaa nao baada ya zamu uwasikilize. Kifo hakitajwi kwanza. Wanataja maamuzi: nani apewe kitanda kimoja kilichobaki, lini matibabu yakome, nani awaambie ndugu, nani aulize habari za hela. Mengi kati ya hayo hospitali zetu hazijayaandika mahali popote, na kwa kuwa hayana mwenyewe, humwangukia aliyesimama karibu na kitanda.

Inafaa kukumbuka ICU ilianzaje, maana siku hizi tunaiona kama chumba cha mashine. Mwaka 1952 ugonjwa wa polio uliikumba Copenhagen. Hospitali ya Blegdam ikajaa wagonjwa ambao misuli ya kupumulia imepooza, wengi wao watoto, na mashine za wakati ule zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Daktari wa usingizi Bjørn Ibsen akashauri mgonjwa atobolewe koo, awekewe mpira, kisha hewa isukumwe kwa mkono kutoka kwenye mfuko. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana kubonyeza mifuko hiyo usiku na mchana kwa miezi. Kabla ya hapo karibu wagonjwa 9 kati ya 10 waliofikia hali hiyo walikuwa wanakufa. Baadaye vifo vikashuka hadi chini ya nusu. Mwishoni mwa 1953 Ibsen akafungua wodi ambayo wengi huihesabu kuwa ICU ya kwanza duniani. Mfuko wa kubonyeza uliobuniwa Denmark katika miaka hiyo ndio huu ambao wauguzi wetu wanauita ambu, na mpaka leo umeme ukikatika na jenereta ikachelewa kushika, kuna mtu anaukimbilia na kuanza kubonyeza, akihesabu pumzi za mwenzake kwa sauti ya chini.

Kwa hiyo ICU ni mikono ya watu tangu siku yake ya kwanza. Ndiyo maana Uingereza kiwango kinachotakiwa ni muuguzi mmoja kwa mgonjwa mmoja aliye kwenye mashine ya kupumulia. Presha inaweza kuporomoka kwa dakika tatu, makohozi yanaweza kuziba mpira wakati umegeuka kumwangalia wa kitanda cha pili. Mwaka 2002 Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali za Pennsylvania nchini Marekani. Waliona kwamba kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30, na asilimia 23 la uwezekano wa muuguzi mwenyewe kuchoka kupita kiasi. Hao walikuwa wagonjwa wa wodi za kawaida za upasuaji, kwenye nchi tajiri. Sasa weka wagonjwa watatu walio kwenye mashine kwa muuguzi mmoja, saa 9 usiku, na umtarajie pia ajaze chati ya kila mmoja kila saa.

Korona ilitufumbua macho, angalau kwa upande wa vifaa. Mwaka 2020 watafiti waliohesabu uwezo wa hospitali za Kenya walipata vitanda 537 vya ICU na mashine za kupumulia 256 kwa nchi nzima. Kaunti 22 tu kati ya 47 ndizo zilizokuwa na ICU hata moja. Tanzania nayo mwaka 2021 ilichukua mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, zile shilingi trilioni 1.3 ambazo kila mtu anazikumbuka kwa madarasa, na sehemu yake ikaenda kwenye majengo ya ICU, idara za dharura na mitambo ya oksijeni. Ni jambo jema na silibezi. Wapo watu wanaotembea leo kwa sababu ya mitambo ile. Ila jengo hukamilika kwa miezi. Muuguzi anayesoma mabadiliko ya mgonjwa kabla monita haijalia hukamilika kwa miaka, na Chuo Kikuu cha Muhimbili, ambacho kina shahada ya uzamili ya uuguzi wa wagonjwa mahututi, hakiwezi peke yake kumjazia kila mkoa. Walio wengi wamejifunzia kazini, kwa sista mkubwa wa zamu. Halafu akishaiva, barua ya mzunguko wa wodi inakuja: kuanzia Jumatatu uko wodi ya wazazi.

Nije kwenye dhamiri. Mwaka 1984 mwanafalsafa wa Marekani Andrew Jameton, akiandika kuhusu wauguzi, alieleza mateso ya aina yake: mtu anajua kabisa lililo sahihi kufanya, lakini utaratibu wa mahali anapofanyia kazi unamfanya asiweze kulifanya. Hiyo si huzuni. Huzuni wauguzi wanaijua na wana njia zao za kuibeba. Wanakwenda chooni wanalia, wanakunywa chai, wanarudi. Wapo Wakristo ambao wamejifunza kwa wenzao Waislamu jinsi ya kumwelekeza anayekata roho Kibla, na Waislamu wanaomshikia padri Biblia wakati anapaka mafuta. Kazi inayofanyika hivyo inauma, lakini haimwachi mtu akijichukia. Lile la kujua lililo sahihi na kuzuiwa kulifanya ndilo linalowala.

Chukua suala la mikono. Mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia anahitaji dawa za usingizi na za maumivu mfululizo. Zikikatika, anaamka na mpira kooni, na mtu yeyote akiamka hivyo atauvuta. Akiuvuta anaweza kufa pale pale. Tuseme dawa imekwisha stoo. Ndugu wameandikiwa wakanunue nje; wamekwenda na karatasi, hawajarudi, au wamerudi na chupa mbili zitakazofika alfajiri tu. Muuguzi ana wagonjwa wengine wawili nyuma ya pazia. Anachukua bendeji, anamfunga mgonjwa mikono kwenye kingo za kitanda. Ukimwuliza mtaalamu yeyote, atakwambia kwa mazingira yale hilo lilikuwa jambo salama kuliko yote. Na ni kweli. Lakini mgonjwa yuko macho. Hawezi kuongea kwa sababu mpira umepita katikati ya nyuzi za sauti. Anaweza kutazama tu, na anamtazama aliyemfunga.

Kesho yake mtoto wa mgonjwa anaingia, anaona alama kwenye vifundo vya mikono, anauliza, "Sista, baba yangu mmemfunga kama mwizi?" Muuguzi aseme nini? Akisema dawa ilikwisha, ameisema vibaya hospitali yake mbele ya watu, na anaweza kuitwa ofisini. Akisema ni utaratibu, amesema nusu ya ukweli. Wengi huchagua nusu hiyo, kisha wanarudi nayo nyumbani. Mwagizaji wa dawa hayupo pale, wala aliyepitisha bajeti, wala bohari iliyoleta nusu ya kilichoombwa. Hao wote wanashiriki uamuzi wa kumfunga yule mzee, lakini aliyeshika bendeji ni mmoja.

Kitanda cha mwisho kina hadithi kama hiyo. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, uliofuatilia wagonjwa 3,140 wa korona waliolazwa kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi katika hospitali 64 za nchi 10 za Afrika, uliona asilimia 48.2 wakifariki ndani ya siku 30, wakati wastani wa dunia ulikuwa asilimia 31.5. Watafiti walitaja uhaba wa vifaa, na pia kwamba hata vilivyokuwapo havikutumika vya kutosha. Mimi naisoma sehemu hiyo ya pili kama habari ya watu: mashine ya kusafisha damu isiyo na wa kuisimamia usiku ni samani. Ila tofauti hiyo ya asilimia ina maana nyingine kwa aliyekuwa zamu. Ina maana ya simu kutoka idara ya dharura: tuna kijana wa ajali na mama aliyejifungua, mna nafasi ngapi? Moja. Kwa nadharia daktari bingwa ndiye anayeamua. Kwa vitendo daktari bingwa yuko chumba cha upasuaji au yuko njiani, daktari aliyepo ana miezi minne tangu amalize chuo, na anamgeukia sista mwenye miaka 15 pale: "Dada, unaonaje?" Akionacho kinafuatwa. Hakiandikwi.

Na hela. Katiba ya Kenya, ibara ya 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Ni kifungu kizuri, lakini kinamlinda mgonjwa mlangoni zaidi ya siku ya 12 kitandani. Tangu Oktoba 2024 Kenya imeingia kwenye mfumo wa bima ya afya wa SHA, wenye mfuko wake wa dharura, magonjwa sugu na wagonjwa mahututi. Tanzania ina Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Hizi ni hatua. Kwa sasa, asiye na bima Tanzania huomba msamaha kwa afisa ustawi wa jamii, ambaye ofisi yake hufungwa jioni. Bili haifungwi jioni. Anayekutana na ndugu usiku ni muuguzi, kwa hiyo ndiye anayepewa kazi ya kuuliza, kwa sauti ya upole kadiri awezavyo, kama kuna kilicholipwa leo. Nimekuwa nikijiuliza ni nani aliyewaza kwamba mtu yule yule anayemfuta mgonjwa jasho ndiye pia amkumbushe mkewe deni. Sidhani kuna aliyewaza. Imetokea tu, kama mengine.

Sasa swali ambalo wauguzi husema ni zito kuliko yote, na linaulizwa kila siku: "Sista, atapona?" Daktari anapita raundi asubuhi, ndugu hawapo. Ndugu wanaingia mchana au saa 10 jioni, mmoja mmoja, wamevuliwa viatu na kuvalishwa gauni, na daktari kishaondoka. Maadili ya kazi yanasema taarifa ya mwelekeo wa ugonjwa hutolewa na daktari. Kwa hiyo muuguzi, ambaye ameona mboni za mgonjwa hazisinyai kwa mwanga tangu juzi, anajibu kama alivyofundishwa: tunaendelea kumhudumia, mama, tumwombe Mungu, daktari atawaeleza. Mama anamwangalia usoni na kusoma jibu hapo.

Muuguzi mmoja wa mkoani alinisimulia alivyoulizwa na mama mtu mzima aliyejifunga khanga kiunoni kama anayekwenda shamba: "Mwanangu, mimi sikuulizi mambo ya Mungu. Nakuuliza hivi, kiwanja nikiuze au nisikiuze?" Hilo ndilo swali lenyewe, limevuliwa mapambo yote. Mnunuzi yupo, anasubiri nje, na bei ameishusha kwa sababu anajua mwenye shida. Muuguzi anajua kwamba fedha ya kiwanja itanunua siku kadhaa za mashine kwa mtu ambaye hatarudi, na wajukuu watabaki bila pa kujenga. Akinyamaza, kiwanja kimekwenda. Akisema usiuze, na mgonjwa akafa usiku ule, familia itasema nesi alitukatisha tamaa, na pengine alimzimia mashine. Na tusisahau, anaweza kuwa amekosea. Wapo waliotoka ICU kwa miguu yao baada ya kila mtu kukata tamaa, na kila muuguzi ana mmoja kama huyo anayemkumbuka, ambaye humjia kichwani kila anapotaka kusema ukweli.

Alimjibu, "Mama, msiuze leo. Subirini nikutanishe na daktari kesho asubuhi, mje kabla ya raundi." Aliwaingiza nje ya saa za kuona wagonjwa, akasemwa na msimamizi wa wodi. Kwa maoni yangu lilikuwa jibu bora kuliko yote yaliyowezekana, na ni aibu yetu kwamba lilipatikana kwa kuvunja utaratibu.

Lini tukome? Hapa watu hukimbilia kusema dini na mila haziruhusu kuzungumzia jambo hili. Sikubaliani. Mwaka 1957 Papa Pius XII, akijibu maswali ya madaktari wa usingizi, alisema hakuna wajibu wa kutumia njia zisizo za kawaida kurefusha uhai. Mwaka 1986 Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa, lililoketi Amman, liliamua kwamba ubongo wote ukishakoma kufanya kazi na madaktari bingwa wakathibitisha kuwa haurudi, inafaa kuondoa mashine hata kama viungo vingine bado vinaendeshwa nayo. Uamuzi huo una mipaka yake, hauhusu kila aliyezidiwa. Lakini unaonyesha kwamba masheikh na mapadri wamelijadili suala hili kwa kina kwa miongo, wakati hospitali nyingi hazijaliwekea hata fomu ya ukurasa mmoja. Kinachokosekana si fatwa. Ni saini.

Kwa kukosa saini, kuna lugha ya pembeni. Wakati wa kukabidhiana zamu muuguzi anaambiwa, "Huyu wa kitanda cha nne, tusimsumbue sana." Faili halisemi hivyo. Faili linasema endelea na matibabu. Moyo wa kitanda cha nne ukisimama usiku na mtoto wake yuko dirishani, muuguzi anapanda kwenye kiti na kuanza kubonyeza kifua. Anabonyeza kifua cha mtu ambaye kila mmoja chumbani anajua harudi, mbavu zinaitikia, dakika zinakwenda, kwa sababu kutobonyeza kutaonekana kama uuaji na kubonyeza kutaonekana kama juhudi. Inakuwa ibada ya kuwaridhisha walio hai inayofanyika juu ya mwili wa mwingine. Wapo wanaobonyeza polepole kwa makusudi ili wasimuumize. Huo nao ni uongo, wa huruma, na anayeutenda anajua ni uongo. Ndugu wakija juu siku ya pili, hati iliyojaa kuliko zote ni chati ya muuguzi, yenye saini yake kila saa. Aliyesema tusimsumbue hana saini popote.

Najua kuna msomaji anayesubiri kuniuliza kuhusu lugha za wauguzi. Nani asiye na kisa cha nesi aliyemjibu mama yake kwa ukali? Ukali huo upo, na mgonjwa hana deni la kuuvumilia. Anayemtukana mama anayejifungua aadhibiwe. Lakini ukavu wa ICU ni kitu kingine, na tunakosea tukiuchanganya na jeuri. Muuguzi anayejibu kwa neno moja, asiyekutazama, anayesema "mgonjwa wa kitanda cha pili" badala ya Mzee Fulani, mara nyingi ni mtu aliyeota sugu pale palipokuwa pakiuma. Uingereza, yenye muuguzi mmoja kwa mgonjwa mmoja, ilipofika korona na uwiano ule ukavunjika, nao waliota sugu hizo hizo. Sidhani kuna jamii yenye mioyo ya chuma.

Uingereza hiyo hiyo inatufundisha pia kwamba karatasi si mwarobaini. Wao wanazo fomu za kutofufua mgonjwa, tena za miaka mingi, na mwaka 2021 msimamizi wao wa ubora wa huduma aliripoti kwamba wakati wa korona kulikuwa na maamuzi ya aina hiyo yaliyofanywa bila mgonjwa wala ndugu kushirikishwa. Fomu inaweza kuwa ngao ya kujifichia. Ikisainiwa ofisini bila mtu kukaa na familia, ni afadhali isingekuwepo. Kwa hiyo sidai makaratasi tu. Nadai kwamba uamuzi mgumu uwe na jina la mwenye mamlaka, ufanyike mchana wakati watu wana akili zao, ndugu wakiwapo, na muuguzi akiwa amekaa kwenye kiti mezani, si amesimama mlangoni akisubiri kuitwa alete faili.

Kwamba wauguzi wakipewa mamlaka yaliyo wazi mambo hubadilika, tuna ushahidi wa nyumbani. Kwenye ICU ya Muhimbili watafiti, akiwamo daktari Tim Baker, walijaribu kitu kisicho na gharama kubwa: wauguzi na madaktari walipewa mwongozo mfupi unaosema kipimo kikifika hapa, fanya hivi, kisha ita daktari. Vipimo vyenyewe ni vile vya kila siku, presha, mapigo, upumuaji, oksijeni, fahamu. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015, vifo vya wagonjwa waliofika na presha ya chini vilishuka kutoka asilimia 92 hadi 69. Ulikuwa utafiti mdogo wa ICU moja na siutundiki kama bendera. Ila angalia kilichobadilika: muuguzi hakulazimika tena kusimama mbele ya presha ya 70 akijiuliza kama ana ruhusa ya kufungua dripu. Ruhusa iliandikwa ukutani.

Hata hivyo, ukiuliza ni wapi mateso haya yamejaa zaidi, jibu halipo ICU. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti uliofanyika kwa kuhesabu wagonjwa katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika, karibu watu 20,000, ukiongozwa na wataalamu wakiwamo wa Tanzania. Mgonjwa 1 kati ya 8 alikuwa mahututi. Katika hao, asilimia 69 walikuwa wamelazwa wodi za kawaida. Maana yake ni kwamba muuguzi wa wagonjwa mahututi wa Afrika, kwa sehemu kubwa, ni yule wa wodi namba tatu ya hospitali ya wilaya, mwenye wagonjwa 30 na msaidizi mmoja, mtungi mmoja wa oksijeni na midomo miwili inayouhitaji. Hana monita ya kumlilia. Hana daktari wa usingizi wa kumpigia. Hahesabiwi popote kama muuguzi wa mahututi, hana posho ya mazingira hayo, na swali la kiwanja analoulizwa ni lile lile.

Serikali ikikata utepe wa ICU nyingine, na nina hakika zitakatwa nyingi, waandishi wenzangu waache kidogo kuuliza bei ya mashine. Waulize orodha ya zamu ya usiku wa Jumamosi ina majina mangapi, stoo ina dawa ya usingizi ya siku ngapi, na mgonjwa akifikia pasipo na tumaini ni nani anayekaa na ndugu na kuweka sahihi. Maswali ya kwanza mawili mganga mkuu atayajibu kwa kupekua daftari. La tatu, kwa ninavyojua mimi, atamgeukia muuguzi mkuu aliyesimama nyuma yake.